Saratani ya ukoo: umwambie lini mchumba wako?

Mwezi huu naomba tuweke pembeni kidogo habari za nani kamwacha nani. Tuzungumzie jambo ambalo wachumba wengi hulipita kimya kimya mpaka siku linapowabishia hodi: saratani inayotembea kwenye ukoo, kipimo cha jeni, na nani hasa anastahili kujua majibu.

Najua ukitaja DNA hapa kwetu, mawazo ya kila mtu yanakimbilia sehemu moja tu: mtoto ni wa nani? Kaka zangu wanacheka, dada zangu wananuna. Lakini DNA ina mengi zaidi ya hayo. Humo humo ndimo linamokaa jibu la kwa nini familia fulani inazika mama, kisha dada, kisha binti, wote kwa ugonjwa mmoja, wakati majirani wananong'ona kwamba ni mkono wa mtu.

WAZEE WALIULIZA KABLA YETU

Zamani posa haikupokelewa hivi hivi. Mtu alitumwa kimya kimya kuuchunguza ukoo wa pili. Kuna kifafa kule? Kuna ukoma? Kuna wazimu? Siku hizi tunaona huo ni ushamba. Tunakutana kazini au kwenye harusi ya rafiki, baada ya miezi sita kadi za mchango zinatembea. Ukimuuliza bwana harusi bibi mzaa mama wa mchumba wake alifariki kwa nini, anabaki anakutumbulia macho.

Sasa sikia. Mtaalamu wa ushauri nasaha wa vinasaba, yule unayepaswa kukaa naye kabla ya kupima jeni za saratani, huanza na maswali yale yale ya wazee. Anachukua karatasi, anachora ukoo wako, vizazi vitatu, upande wa mama na upande wa baba. Nani aliumwa nini? Akiwa na umri gani? Tofauti ipo kwenye nia. Wazee walikuwa wanatafuta sababu ya kukataa posa. Huyu anatafuta nani bado anaweza kuokolewa.

JENI ZENYEWE NI ZIPI?

Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba kuna sehemu kwenye kromosomu namba 17 inayohusika na saratani ya matiti ya kurithi. Mwaka 1994 jeni yenyewe ikapatikana, ikaitwa BRCA1. Mwaka 1995 ikapatikana ya pili, BRCA2. Na zipo nyingine, kama PALB2 na TP53.

Usidhani BRCA ni mdudu. Kila mmoja wetu anazo, mwanamke kwa mwanamume, nakala moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Kazi yake ni ya ufundi: DNA ya seli ikikatika, yenyewe inahusika kuikarabati. Balaa linaanza pale mtu anapozaliwa na nakala moja yenye hitilafu. Fundi mmoja tayari hayupo kazini, na siku wa pili akiharibika ndani ya seli fulani, makosa yanaanza kurundikana.

Hatari yake ni kubwa kiasi gani? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, kama 72 watapata saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 80. Kwa BRCA2 ni kama 69. Saratani ya ovari ni kama 44 kwa BRCA1 na 17 kwa BRCA2. Ni namba za kutisha, sikatai. Lakini zisome tena taratibu: sio 100 kwa 100. Hitilafu ya jeni sio saratani. Ni taarifa ya mapema, na taarifa ya mapema ina faida zake.

Pia tusitiane hofu bure. Saratani nyingi za matiti hazirithiwi kwa njia hii. Kwa kawaida hutajwa kuwa 5 hadi 10 tu kati ya 100 ndizo zinatokana na jeni moja ya kurithi. Na ile inayowasumbua zaidi wanawake wa Tanzania, ya shingo ya kizazi, haimo kabisa kwenye habari hii. Ile inaletwa na kirusi cha HPV, ina chanjo yake, ambayo wasichana wa nchi nzima walianza kupewa mwaka 2018, na ina uchunguzi wake. Usisubiri kipimo cha jeni kwenda kuangaliwa shingo ya kizazi.

"HAYO NI YA WAZUNGU"

Sentensi hii nimeisikia saluni, nimeisikia ofisini. Najua inakotoka. Wengi wetu habari hizi tulizijua Mei 2013, Angelina Jolie alipoandika gazetini kwamba ameondoa matiti yote mawili akiwa hana saratani. Mama yake alifariki akiwa na miaka 56, naye alikutwa na hitilafu ya BRCA1. Mwaka 2015 akaondoa ovari na mirija ya uzazi. Kwetu ikaonekana ni mambo ya Hollywood.

Basi njoo Nigeria. Mwaka 2018 kundi la watafiti, akiwemo Profesa Olufunmilayo Olopade, Mnigeria anayefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, lilichapisha matokeo ya kupima jeni za wanawake zaidi ya 1,000 wa Nigeria wenye saratani ya matiti. Karibu mmoja kati ya kila wanane alikuwa na hitilafu ya kurithi kwenye BRCA1, BRCA2, PALB2 au TP53. Mmoja kati ya wanane, dada yangu! Hizo jeni hazijui rangi ya ngozi.

NA BABA JE?

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwa sababu ni matiti na ovari, watu wanahesabu upande wa mama tu. Kumbe nusu ya jeni zako zimetoka kwa baba, na baba mwenye hitilafu anampa kila mtoto wake uwezekano wa 50 kwa 100, sawa sawa na mama. Yeye mwenyewe anaweza kuzeeka bila kuumwa, huku mabinti zake wakiwa wameibeba. Ndiyo maana shangazi zako ni muhimu kama mama zako wadogo.

Mfano unao kutoka kwa mastaa. Oktoba 2019 Mathew Knowles, baba yake Beyoncé na Solange, alitangaza kwamba ana saratani ya matiti na amekutwa na hitilafu ya BRCA2. Ndiyo, mwanamume, saratani ya matiti. Haitokei mara nyingi kwa wanaume, lakini BRCA2 inaongeza hatari hiyo, na inaongeza pia hatari ya saratani ya tezi dume na ya kongosho. Kwa hiyo kaka, usiifunge safu hii ukidhani ni ya akina dada.

CHORA UKOO WAKO

Kipimo cha kwanza ni cha bure, hakina sindano wala foleni. Chukua karatasi, mpigie simu mama, mpigie shangazi, andika. Ila lugha yetu ina mitego yake, jihadhari nayo.

Kwanza, kwetu mama wadogo ni wengi. Mke wa baba mdogo ni mama mdogo, mke wa pili wa baba naye ni mama mdogo. Kwenye karatasi hii tunataka damu tu: mama yako na ndugu zake wa kuzaliwa naye, baba yako na ndugu zake, na wazazi wao.

Pili, magonjwa ya marehemu yanasemwa kwa mafumbo. "Alikuwa na jipu kwenye ziwa lisilopona." "Alijaa maji tumboni." "Alikuwa na uvimbe wa tumbo." "Alirogwa na mke mwenzie." "Walimpeleka Ocean Road, hakurudi." Usibishane na anayesema, uliza tu zaidi: ziwa lipi, alikuwa na umri gani, alifanyiwa operesheni, kuna cheti cha hospitali? Tumbo lililojaa maji kwa mama wa miaka 48 linaweza kuwa mambo mengi, lakini saratani ya ovari ni mojawapo.

Dalili za ukoo unaostahili kumwona mtaalamu ni hizi:

- Saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 50.
- Saratani ya ovari, umri wowote.
- Saratani ya matiti yote mawili, au ya titi na ya ovari kwa mtu mmoja.
- Saratani ya matiti kwa mwanamume.
- Ile aina ya saratani ya matiti isiyoitikia homoni wala HER2, ambayo madaktari huiita hasi tatu.
- Ndugu wawili au watatu wa upande mmoja wenye saratani ya matiti, ovari, kongosho, au ya tezi dume iliyosambaa.

Moja likigusa nyumbani kwenu, usikimbilie kuagiza kile kipimo cha mate cha kwenye intaneti. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu kampuni ya 23andMe kuwapa wateja majibu ya BRCA, lakini yalikuwa ya hitilafu tatu tu, tena zile zinazoonekana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya. Mswahili ukiambiwa huna hizo tatu, hujaambiwa kitu.

KABLA YA DAMU, MANENO

Wasomaji wa rika langu mnakumbuka Julai 2007, Rais Kikwete na mama Salma walipopima virusi vya Ukimwi hadharani. Kwenye vituo vya kupima tulijifunza kwamba kuna ushauri nasaha kabla ya kipimo na ushauri nasaha baada ya kipimo. Kwenye jeni ni hivyo hivyo, na una uzito zaidi, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza: majibu sio ya mtu mmoja. Ukipima Ukimwi, anayehusika wa kwanza ni mwenzi wako. Ukipima jeni, wanaoguswa wa kwanza ni dada zako, kaka zako, binamu zako. Wewe ukikutwa na hitilafu, kuna uwezekano mkubwa mmoja wa wazazi wako anayo, hata kama hakuomba kujua. Kwa hiyo mshauri atakuuliza mapema: utamwambia nani? Nani hataki kusikia?

Sababu ya pili: majibu yana sura tatu. Kuna "ipo", kuna "haipo", na kuna "tumeona tofauti lakini hatujajua maana yake". Hii ya tatu inatokea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, kwa sababu kumbukumbu za maabara za dunia zimejaa zaidi jeni za Wazungu. Usikubali kukatwa kiungo kwa jibu la "hatujajua". Hilo ni jibu la kusubiri, na mara nyingi baadaye huonekana halina madhara.

Kipimo chenyewe ni damu au mate, na majibu huchukua wiki kadhaa. Mwaka 2013 Jolie aliandika kwamba Marekani kilikuwa kinazidi dola 3,000. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kwamba jeni ya asili haiwezi kumilikiwa na kampuni, maabara nyingine zikaingia sokoni na bei ikashuka sana. Kwetu wataalamu waliosomea ushauri huu ni wachache, kwa hiyo anzia kwa daktari wa saratani na umuulize wazi sampuli inakwenda maabara gani na majibu atakusomea nani. Watoto wadogo hawapimwi jeni za BRCA. Waache wakue, waamue wenyewe.

"NIMWAMBIE MCHUMBA?"

Dada mmoja ameniandikia, naomba nimnukuu kwa ruhusa yake bila kumtaja jina: "Dada, nina miaka 29, nafanya kazi benki. Mama alitutoka kwa kansa ya matiti akiwa na miaka 41. Dada yake, mama yangu mkubwa, alitibiwa kansa ya ovari na namshukuru Mungu yupo. Mahari imeshalipwa, harusi ni Desemba. Ukweni wanajua mama alikufa kwa presha, shangazi ndiye aliyewaambia. Sasa nataka kupima jeni, ila shangazi anasema nifunge mdomo mpaka niingie ndani, nisije nikakimbiwa. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, pole kwa mama. Nami sitaki kumtukana shangazi. Yeye anaijua dunia, amewaona wasichana wakirudishwa kwao kwa sababu ndogo kuliko hii. Lakini ushauri wake una bei, na atakayeilipa ni wewe.

Mwambie mchumba wako sasa, kabla ya kipimo, kabla ya Desemba. Mwambie historia, kwa sababu hiyo tayari unayo na ni ya kweli. Usianzie kwenye asilimia wala BRCA. Anza hivi: "Mama yangu hakufa kwa presha. Alikufa kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 41, na mimi naogopa." Halafu nyamaza, umpe nafasi. Kama ni wa kukukimbia kwa maneno hayo, heri akimbie kabla kadi hazijachapwa. Mume anayehitaji uongo ili abaki, huyo utamdanganya maisha yote.

Lakini kuna mpaka. Majibu ya kipimo ni yako, na mwenzio unamshirikisha kwa mapenzi. Sio cheti cha kupeleka ukweni. Mama mkwe akitaka karatasi ya maabara kabla ya ndoa, jibu ni hapana, kwa heshima zote. Wala yeye hajaleta karatasi ya mwanawe, na mwanawe naye ana ukoo.

Kuhusu kupima, usianze wewe. Anza na mama mkubwa. Kipimo cha jeni kinaeleweka vizuri zaidi kikianzia kwa ndugu aliyeugua. Akikutwa na hitilafu, wewe na wadogo zako mtatafutiwa hiyo hiyo moja. Usipokuwa nayo, unarudi kwenye hatari ya kawaida kama mwanamke mwingine yeyote, na utalala usingizi. Lakini ukianza wewe na ukakosa kitu, utabaki hujui kama umesalimika au maabara haikuiona inayoisumbua familia yenu. Mama mkubwa ni mtu mzima, mwendee kwa adabu, na mama mdogo mwingine kama yupo. Mwambie ni kwa ajili ya mabinti zake pia. Akikataa, mheshimu. Bado unaweza kupima mwenyewe, ila nenda ukijua kwamba "haipo" yako itakuwa na mashaka kidogo.

UKIKUTWA NAYO

Maisha hayasimami. Miongozo ya Marekani inashauri mwenye hitilafu ya BRCA aangaliwe matiti kwa MRI kila mwaka kuanzia miaka 25, na mamogramu iongezwe kuanzia miaka 30. MRI kwetu haipo kila kona na ni ghali, kwa hiyo panga na daktari kinachowezekana, lakini usiache kuangaliwa. Kuondoa matiti kunapunguza hatari kwa zaidi ya 90 kwa 100. Ni uamuzi wa mwanamke mwenyewe, hakuna wa kumlazimisha.

Ovari ni habari nyingine, kwa sababu hakuna kipimo cha kuaminika cha kuigundua saratani yake mapema. Hivyo hushauriwa kuondoa ovari na mirija baada ya kumaliza kuzaa: kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1, na 40 hadi 45 kwa BRCA2. Hapa ndipo mapenzi na hesabu vinapokutana. Mwanamke wa miaka 29 anayejua hili anapanga uzazi wake tofauti na anayedhani ana muda wote duniani. Wawili wakijua mapema, wanaamua mapema: watoto wangapi, lini, na nani atabeba nini. Na kwa ambaye tayari anaumwa, kujua jeni kunaweza kubadilisha hata matibabu. Dawa kama olaparib, iliyoidhinishwa kwanza mwaka 2014, hufanya kazi hasa kwenye saratani zenye hitilafu hii.

Kaka zangu, kwenu nina ombi moja. Mchumba akikuambia habari za ukoo wake, usikimbilie kuuliza "kwa hiyo watoto wetu watakuwaje?" Swali hilo lina siku yake. Muulize kwanza, "Unataka twende lini, na unataka niingie ndani na wewe au nikusubiri nje?" Kisha usiku huo huo mpigie mama yako simu umuulize shangazi zako waliugua nini. Ukoo unachunguzwa pande mbili, kama zamani.

Haya, karatasi na kalamu ni zako, na mwisho wa mwezi bado mbali. Tukutane tena mwezi ujao nikijaliwa, tutazungumzia akaunti ya pamoja benki: ni mapenzi au ni mtego? Jali afya yako, mjali na mwenzio.